Adui ni chumvi: vifaa vya tiba vianze na kalafati

Fungua oksimita yoyote, kile kifaa cha kupima oksijeni ya damu kupitia kidole, iliyoundwa na vijana kwa ajili ya maonyesho ya sayansi, iwe Malindi au Lamu, utakuta vitu vile vile: moduli ya MAX30102, yenye taa na kihisi cha mwanga, iliyoagizwa mtandaoni, bodi ya Arduino inayoendesha programu, kioo kidogo cha namba, na kikasha cha plastiki kilichozibwa kwa gundi ya moto. Kidole kinaingizwa, namba inatokea, makofi yanapigwa. Ila uvumbuzi wote uliomo mle ni wa watu wengine. Chipu ni ya kiwandani, taa ni za kiwandani, na hisabati imenakiliwa. Kilicho cha vijana wenyewe ni kile kikasha, na kikasha ndicho kitakachokufa kwanza.

Tumeshika mkia tukaacha kichwa. Tunahangaika na chipu, ambazo hatutazishinda karibuni, huku tukidharau kifuniko, gundi, viungio na ile sehemu waya unapopenya ukuta wa kifaa. Katika vifaa vinavyopandikizwa mwilini, na katika vingi vya kupimia maradhi, ugumu umelala hapo. Na hapo ndipo mtu wa Pwani ana la kuongeza.

Chukua dripu ya chumvi ya hospitali. Ina gramu 9 za chumvi katika kila lita, kwa kuwa hicho ndicho kiwango kinachoafikiana na majimaji ya mwili. Bahari iliyo mbele ya Shela ina gramu zipatazo 35. Upepo utokao huko huacha chumvi juu ya kila kitu: bawaba, vitasa, soketi za ukutani, bodi za redio. Fundi simu yeyote wa Langoni anaijua ile kutu ya kijani kwenye tundu la chaji. Kifaa kilichopandikizwa kifuani huuawa kwa njia hiyo hiyo: maji, chumvi, metali na volti chache, tena kwenye joto la digrii 37 mchana na usiku. Tofauti ni kwamba simu hupelekwa kwa fundi.

Historia ya pesimeka, kile kifaa kinachoendesha mapigo ya moyo, inasomwa vizuri zaidi kama historia ya kuzuia maji. Tarehe 8 Oktoba 1958, huko Solna karibu na Stockholm, mpasuaji Åke Senning alimpandikiza Arne Larsson pesimeka ya kwanza kuzikwa nzima ndani ya mwili wa binadamu. Mhandisi Rune Elmqvist alikuwa ameiunda kwa transista mbili na betri ya nikeli na kadimiamu, kisha akaimiminia epoksi ndani ya kikopo cha kiwi, hii hii ya kupaka viatu. Ilifanya kazi saa chache tu. Larsson alibadilishiwa vifaa mara baada ya mara, 26 kwa jumla, akafariki mwaka 2001 akiwa na umri wa miaka 86, kwa maradhi yasiyo ya moyo.

Upande wa Marekani kuna kisa cha Wilson Greatbatch kinachopendwa sana na watoa hotuba. Alikuwa akiunda saketi ya kurekodi sauti za moyo, akachomoa rezista isiyo yake, ya megaomu 1 mahali pa kiloomu 10. Saketi ikaanza kudunda: msukumo wa milisekunde 1.8, kimya cha sekunde nzima, msukumo tena. Hotuba huishia hapo, kwenye bahati. Yaliyofuata hayasimuliwi sana. Mei 1958, huko Buffalo, kifaa chake kiliwekwa ndani ya mbwa kikiwa kimezungushiwa tepu ya umeme. Baada ya saa nne majimaji ya mwili yalikuwa yameshapenya. Saketi ilikuwa na afya yake. Tepu ndiyo iliyoshindwa. Greatbatch aliandika baadaye kwamba mwili wa mtu ni mahali pakali zaidi kwa elektroniki kuliko anga za juu au kina cha bahari.

Malindi ina kipimo chake cha ulinganisho huo. Kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Ngomeni, tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa Uhuru, satelaiti ya kwanza iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei zitokazo angani. Ilifanya kazi hadi Machi 1973, na hakuna fundi aliyeifuata huko juu. Lakini huko juu hakuna maji.

Betri nayo ilikuwa na mkono wake katika balaa hili. Betri za zinki na zebaki zilizotumika kwenye pesimeka za mwanzo zilitoa gesi ya hidrojeni, hivyo kifaa hakikuweza kuzibwa kabisa. Kilifunikwa kwa epoksi inayoruhusu gesi kutoka. Mlango uliotoa gesi uliingiza mvuke. Betri ya lithiamu na ayodini, iliyopandikizwa kwa binadamu mara ya kwanza mwaka 1972, haitoi gesi. Ndipo ikawezekana kuweka kila kitu ndani ya kasha la titani na kulichomelea pande zote. Watu husifu betri ile kwa kudumu miaka mingi, na ni kweli ilidumu, lakini mimi naona zawadi yake kubwa ilikuwa kuruhusu mlango ufungwe.

Sasa tuingie kwenye fizikia yenyewe. Hakuna plastiki isiyopitisha mvuke wa maji. Epoksi hupitisha, silikoni hupitisha tena kwa wingi, hata parileni, ule utando mwembamba unaopakwa kwenye chumba cha ombwe, hupitisha. Kinachobadilika ni muda. Metali, kioo na kauri pekee ndizo zinazozuia kwa miaka. Kutokana na hilo zimezaliwa njia mbili. Ya kwanza ni kasha lililozibwa kabisa: titani iliyochomelewa kwa leza, waya za platini zinazopenya kauri ya alumina, kiungo chao kikiwa dhahabu iliyoyeyushwa, kisha kasha zima linapimwa uvujaji kwa gesi ya heli. Mvuke unaobaki ndani hutakiwa usizidi sehemu 5000 kwa milioni. Namba hiyo ina sababu yake: kwa kiwango hicho hewa ya ndani haitoi umande mpaka ipoe chini ya nyuzi sifuri, na hapo ni barafu, haina tone la kupitisha umeme. Njia hii inadai leza, tanuri la ombwe na mashine ya heli. Kwa karakana ya Lamu au Malindi, tusidanganyane.

Njia ya pili ni ya kushikamana, na mafundi wa majahazi wa Matondoni wataielewa kabla hujamaliza sentensi. Kalafati hugongwa kwenye mianya ya mbao ili kuziba maji. Deheni ya shahamu na chokaa hupakwa chini ya chombo. Deheni ikibanduka mahali padogo tu, maji hukaa nyuma yake, na unene wa sehemu iliyobaki haukusaidii kitu. Silikoni juu ya bodi ya saketi ni vivyo hivyo. Mvuke unaoipenya hauna madhara maadamu haupati nafasi ya kukusanyika, kwa kuwa mvuke haubebi ayoni, zile chembe za chumvi zinazopitisha umeme. Ukipata kipovu, au sehemu ambayo silikoni haikushika, hugeuka tone. Tone huyeyusha mabaki ya flaksi ya kulehemu au jasho lililoachwa na kidole. Likishakuwa na chumvi, osmosisi huvuta maji mengine kutoka nje, kipovu hufura, na silikoni hubanduka zaidi. Wahenga walisema maji hufuata mkondo. Ndani ya kifaa, mkondo ndio unaofuata maji.

Kwa hiyo uvumbuzi unaoweza kuanza kesho, kwa vitu vinavyopatikana, ni wa kutafuta mchanganyiko wa usafishaji, kianzio cha gundi (kile kinachopakwa kwanza ili kifuniko kishike) na kifuniko unaodumu. Na chombo cha kuupimia ni rahisi mno. Chora bodi yenye njia mbili za shaba zinazoingiliana kama meno ya vitana viwili, upana wa njia milimita 0.2 na mwanya milimita 0.2. Bodi hiyo tuiite kitana. Agiza bodi 12, zote za kutumbukizwa kwenye maji ya chumvi. Sita zifunike na kuzitia volti 5. Tatu zifunike bila kuzitia volti. Tatu zisizofunikwa zitie volti. Kundi la pili hutenganisha uharibifu wa kemia na ule unaoletwa na umeme, na ndilo watu hulisahau. La tatu huthibitisha kwamba kipimo chako kinasema kweli: litaonyesha volti kadhaa tangu dakika ya kwanza.

Kila kitana kiunge mfululizo na rezista ya megaomu 1, kisha pima volti juu ya rezista hiyo. Kitana kikiwa na ukinzani wa megaomu 100, kiwango ambacho viwanda vya elektroniki hukihesabu kuwa mpaka wa usalama, mkondo ni kama nanoampia 50 na maltimita inapaswa kuonyesha milivolti 50. Itaonyesha 45 hivi, kwa sababu maltimita ya kawaida ina ukinzani wake wa megaomu 10 na hula sehemu ya mkondo. Andika hilo ukutani, usije ukadhani kifuniko kimeboreka kwa sababu tu umebadilisha maltimita. Kitana kikishuka hadi megaomu 10, namba huzidi milivolti 400. Hapo kimekufa, hata kama kwa macho kinang'aa.

Usafishaji ndio unaoamua mengi. Spiriti peke yake huyeyusha flaksi na kuitandaza. Ikikauka huacha utando mweupe wa ayoni bodi nzima. Sugua kwa brashi na spiriti ya isopropili, kisha suuza kwa maji yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa petroli steshoni kwa ajili ya betri za magari (soma chupa, asidi ya betri nayo hukaa rafu hiyo hiyo). Kausha kwenye digrii 60 hadi 70 kwa saa kadhaa, na ufunike ndani ya saa ile ile uliyoitoa jikoni. Hapa kwetu, hasa wakati wa masika, bodi iliyokaa mezani usiku mmoja imeshakunywa unyevu. Tangu kusafisha mpaka kufunika, glavu mkononi. Ziwe za nitrili: silikoni za daraja zuri, zinazogandishwa kwa kichocheo cha platini, hukataa kuganda zikiguswa na salfa iliyomo kwenye glavu za mpira wa kawaida, na unabaki na ute usiokauka.

Silikoni ya dukani inayonuka siki usiitumie kabisa. Ile harufu ni asidi ya asetiki inayotoka inapoganda, nayo hula shaba chini ya kifuniko kile kile unachotegemea. Mchanganyiko wowote wa sehemu mbili utoe hewa kwenye chombo cha ombwe kabla ya kuumwaga. Utafura kama mara nne ya ujazo wake, basi kikombe kisijae zaidi ya robo. Waya za kutokea ziwe za uzi mmoja. Waya wa nyuzi nyingi hunyonya maji kama utambi wa koroboi, ukayapeleka moja kwa moja kwenye lehemu, nawe utalaumu silikoni isiyo na hatia.

Kisha bafu. Gramu 9 za chumvi kwa lita ya maji yaliyotoneshwa. Chumvi ya kawaida kutoka mabwawa ya Gongoni inatosha kwa jaribio la awali. Ripoti rasmi hutaka mchanganyiko wenye fosfeti. Weka bafu moja kwenye digrii 37 na jingine 67. Kanuni ya karakana ni kwamba kila digrii 10 huongeza kasi ya uchakavu maradufu, kwa hiyo 67 ni mara nane ya 37, na siku 30 huhesabiwa kama 240. Ni kanuni ya kukadiria tu. Gundi fulani hulainika kabla ya kufika digrii 67, na ikifa hapo haijakuambia lolote kuhusu mwili. Ndiyo maana bafu la 37 haliachwi: ukiona aina ya uharibifu upande wa moto ambayo upande wa baridi haitokei kamwe, hesabu ya mara nane itupe. Tia alama ya kina cha maji kwa kalamu na ujazie kwa maji yaliyotoneshwa, la sivyo mvuke utapaa, chumvi itabaki, na baada ya wiki mbili utakuwa unapima bahari.

Kuna namna ya kusaidia kifuniko kwa upande wa saketi. Volti ya moja kwa moja inayokaa kati ya njia mbili jirani ndiyo inayosafirisha metali: fedha na shaba huota vijitawi kutoka upande mmoja hadi mwingine, na dhahabu nayo haisalimiki kukiwa na kloridi. Basi zima volti wakati kifaa hakipimi, weka njia zenye volti sawa kuwa jirani, na usitumie rangi ya kupitisha umeme yenye unga wa fedha popote karibu na maji. Kwa elektrodi zinazogusa mwili, kila msukumo urudishwe na msukumo wa kinyume, na kapasita iwekwe njiani kuzuia mkondo wa moja kwa moja. Maji huanza kupasuka yakizidi volti 1.23 na kuacha asidi kwenye elektrodi, na tishu iliyo jirani huipata asidi hiyo kabla ya mtu yeyote.

Vifaa vya kupimia nje ya mwili vina chumvi yao. Stripu za kupimia sukari ni mfano mzuri, kwa kuwa sehemu ya thamani ni kimeng'enya kilichokaushwa juu ya elektrodi ya kaboni, wazo lililotokana na kazi ya Leland Clark ya mwaka 1962. Stripu nyingi huandikwa zisihifadhiwe zaidi ya digrii 30. Mchana wa kaskazi, chumba kilichoezekwa kwa bati hakikai chini ya hapo. Kikopo chake kina kikaushia unyevu ndani ya ukuta au kifuniko, na kila kinapoachwa wazi kikaushia hicho huliwa. Kubuni kikopo kinachotoa stripu moja bila kufungua zote, au kialama kinachobadilika rangi stripu zikiwa zimeungua, ni uvumbuzi halisi wa tiba ingawa hauna hata transista moja.

Kipimo cha umeme wa moyo hudai zaidi. Ishara yenyewe ni kama milivolti 1, ikiwa imepanda juu ya volti tuli ya elektrodi inayoweza kufika milivolti 300. Chipu ya AD8232, inayokuza ishara hiyo, huvumilia kiasi hicho. Isichovumilia ni bodi yenye unyevu wa chumvi kati ya miguu yake ya kuingizia, maana hapo mstari hupanda na kushuka kama mashua ya Kipungani, na kijana huanza kurekebisha programu. Safisha bodi kwanza. Na jaribio lolote linalogusa mtu liwe kwa betri tupu, kompyuta ikiwa imechomolewa chaja. Kiwango cha kimataifa huruhusu maikroampia 10 tu za mkondo unaovuja kwa kifaa kinachogusa moyo moja kwa moja, na 50 hitilafu moja ikitokea. Chaja ya bei rahisi haijui hesabu hizo.

Turudi kwenye oksimita, maana ndiyo inayoigwa kuliko zote. Wazo la Takuo Aoyagi wa Japani, la mwaka 1974, lilikuwa kutumia mdundo wenyewe wa damu kutenganisha ateri na vingine vyote, na leo hufanywa kwa mwanga mwekundu wa nanomita 660 na ule usioonekana wa 940. Programu nyingi za kunakili hugeuza uwiano R, ule wa mdundo wa mwanga mwekundu kwa mdundo wa usioonekana, kuwa asilimia kwa fomyula ya 110 kutoa 25R. Hiyo ni makadirio ya jumla. Haijui taa zako, haijui kikasha chako, wala haijui ngozi ya aliyeweka kidole. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 uliwaangalia wagonjwa ambao oksimita ziliwasoma kati ya asilimia 92 na 96 za oksijeni. Damu ya ateri ilipopimwa, asilimia 11.7 ya vipimo vya watu weusi vilikuwa chini ya 88, dhidi ya 3.6 kwa weupe. Na hizo zilikuwa mashine za hospitali. Usahihishaji wa kweli hufanywa kwenye maabara maalumu, kwa watu waliokubali, damu yao ikichukuliwa huku oksijeni ikipunguzwa chini ya usimamizi wa madaktari. Kubana pumzi sebuleni si mbadala wake, tena ni hatari.

Hatua za bafu na kitana hazigusi mwili wa mtu, kwa hiyo hazingoji kibali cha yeyote. Zinazofuata hungoja: kamati ya maadili, leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na usajili wa kifaa kwa Bodi ya Famasia na Sumu. Kwa Malindi, watu waliozoea taratibu hizo hawako mbali. Mpango wa utafiti wa KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, na Wellcome, mfadhili wa Uingereza, upo Kilifi tangu 1989. Mtu anayefika mlangoni na daftari la siku 240 za vitana, pamoja na vile vilivyokufa na sababu ya kufa kwake, atasikilizwa tofauti na mwenye kikasha kinachowaka taa.

Kuhusu umiliki, Sheria ya Mali ya Viwanda ya Kenya ya mwaka 2001 hutoa hataza ya miaka 20, na pia hati ya modeli ya matumizi ya miaka 10, ambayo huwafaa zaidi watu wa vikopo, viungio na vifuniko. Nchi nyingi za Ulaya hukataa ombi la kitu kilichokwisha kuonyeshwa hadharani, hata kama aliyekionyesha ni mvumbuzi mwenyewe. Kwa hiyo ombi lipelekwe kwanza KIPI, taasisi ya Kenya inayotoa hataza, meza ya maonyesho na picha za Facebook zifuate.